Baba yake bibi alikuwa askari wa Mjerumani, mama yake alikuwa mateka wa Majimaji. Tuwaiteje watu hawa?

#1 (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni. Huu uzi nimeukalia tangu tarehe 1 Novemba 2023, siku ile Rais wa Ujerumani Frank-Walter Steinmeier alipofika Songea pale makumbusho ya Majimaji, akakutana na ukoo wa Songea Mbano, yule mkubwa wa Wangoni aliyenyongwa na Wajerumani kwenye vita ya Majimaji, na akaomba msamaha. Nilikuwa naangalia kwenye simu nikiwa kazini na nikajikuta nimeacha kila kitu. Swali lililonikaba ni moja tu, mimi hapa niko upande gani wa ule msamaha? Ni mtu anayeombwa au na mimi natakiwa kwenda kuomba?

Nieleze vizuri. Bibi yangu mzaa baba, ambae nimelelewa nae Tabora mpaka darasa la tano, baba yake alikuwa askari wa Mjerumani. Mnyamwezi, ujana wake alikuwa mpagazi, alibeba mizigo ya watu kwenda pwani na kurudi, baadae akaandikwa uaskari. Mama yake bibi alikuwa Mngoni. Hawakuoana kwa posa wala mahari, alimchukua vitani mwaka 1906. Alimkuta kwenye kundi la wanawake waliokamatwa wakikimbilia Ruvuma, na baada ya vita akabaki kuwa mke wake mpaka kufa. Kwahiyo mimi damu yangu ina aliyechoma ghala na aliyechomewa ghala, na wote wawili ndio walionilelea bibi.

Nyumbani hili jambo lilikuwa halisemwi. Ukimuuliza baba anakwambia "mzee alikuwa serikalini". Serikalini! Nimekuja kujua serikali gani nikiwa form two tunasoma Majimaji, mwalimu anasema askari waafrika waliotumika na wakoloni walikuwa vibaraka, darasa zima linaandika kibaraka na mimi naandika kibaraka, huku najua mkongojo wa yule kibaraka bado uko nyuma ya mlango kwetu.

Nataka tulijadili kwa utulivu maana naona kila tukifika hapa tunamaliza kwa neno moja, msaliti, alafu tunafunga daftari. Mimi sitaki kumsafisha mzee, aliyoyafanya aliyafanya, ila nataka nijue mtu anafikaje pale, na akishafika pale nini kinamzuia asirudi.

Kumbukeni kwanza hali ilivyokuwa. Kodi ya nyumba ilianza kudaiwa 1898, rupia 3, na rupia kijijini ilikuwa haiokotwi, unaipata kwa kufanya kazi ya mzungu au kwa kuuza kitu kwa mtu anayefanya kazi ya mzungu. Asiyelipa anafungwa mnyororo, anapelekwa kazi ya barabara au shamba. Mpagazi wa kinyamwezi alikuwa mtu mwenye heshima yake, kazi ya safari ilikuwa kama jando kwa vijana wa kule, lakini mzigo ni mzigo na kiboko cha njiani hakichagui. Uaskari ulikuja na bunduki, kofia, mshahara wa kila mwezi na mtoto wa kukubebea vitu vyako. Asubuhi unabeba, jioni unabebewa. Sasa kijana wa miaka ishirini mwambie akatae.

Nitaendelea kesho, nina mengi.

#2

Mkuu pole lakini acha nikwambie ukweli bila kuzunguka. Mimi ni Mngoni wa Songea, kwetu tarehe 27 Februari sio sikukuu ya kwenye kalenda, ni msiba. 27 Februari 1906 walinyongwa wazee wetu 67, na kamba hazikufungwa na wazungu peke yao. Wazungu walikuwa wangapi nchi hii? Nani alisimama na bunduki kuzunguka pale? Kikulacho ki nguoni mwako. Msaliti ni msaliti, ukianza kuuliza alikuwa na njaa au alikuwa na kodi basi hakuna msaliti duniani maana kila mtu ana njaa yake.

Na wazee wa kwetu wanasimulia kwamba Songea Mbano mwenyewe walitaka kumwacha hai akakataa, akasema kama wenzangu mmewanyonga basi na mimi ninyongeni. Huyo nae alikuwa binadamu, alikuwa na wake na watoto na mali. Alichagua. Mzee wenu nae alichagua.

#3 (mleta uzi)

Ndugu yangu wa Songea nimekusoma na sikupingi, tena nashukuru umesema hivyo mapema. Na hesabu iko upande wako. Vita nzima ya Majimaji wazungu waliokufa walikuwa 15, waafrika waliokufa wakiwa upande wa serikali 389. Waliokufa upande wetu, Wajerumani wenyewe walikadiria 75,000, wanahistoria waliofatilia baadae wanataja mpaka 250,000 na 300,000, na wengi wao hawakufa kwa risasi, walikufa njaa baada ya mashamba na vihenge kuchomwa. Serikali ya Götzen, gavana wa Mjerumani, iliamua kabisa kwamba njaa ndio silaha itakayomaliza vita. Na mtu aliyeshika kijinga cha moto kwenye paa la kihenge alikuwa mtu kama baba yake bibi.

Lakini naomba nikusimulie kitu kimoja ambacho mzee alimwambia bibi mara moja tu, bibi akiwa ameshaolewa, usiku mmoja mzee anaumwa anadhani anakufa.

Ilikuwa kabla ya vita. Wamefika kijiji fulani, siku ya pili baraza, watu wasiolipa kodi wamepangwa foleni kulazwa chini. Mjerumani amekaa kwenye kiti chake kivulini. Adhabu ya kawaida ilikuwa hamsa ishirini, viboko ishirini na tano, na kiboko chenyewe ni ngozi ya kiboko kweli, imekaushwa mpaka inakuwa kama mti unaopinda. Zamu ya mzee ikafika. Anayelazwa chini ni baba mmoja ambae jana yake jioni alimpa mzee maji na kumuonesha pa kulala, wakaongea habari za mvua. Mzee akaanza kupiga kwa kulegeza mkono. Viboko viwili, vitatu. Mjerumani hakusema neno, aligeuza shingo tu akamtazama shaushi, yaani sajenti wao. Shaushi akaja akachukua kile kiboko mkononi mwa mzee akamwambia kwa sauti ya chini, lala wewe basi.

Mzee alisema pale hakumuogopa shaushi, viboko alishawahi kupigwa akiwa mpagazi. Kilichomshika ni ile foleni. Watu kama arobaini wamenyamaza wanamtazama yeye, hawamtazami mzungu. Alijua akilazwa chini mbele ya watu hawa, kesho akipita hakuna atakaesimama, hakuna atakaemwita bwana askari, atakuwa mpagazi tena aliyevaa nguo za kuazima. Akachukua kiboko akapiga zilizobaki zote kwa nguvu, na alivyomaliza akasema "anayefuata" kabla hajaambiwa.

Bibi alikuwa akifika hapo kwenye kusimulia anasimama. Sio "nilipiga" ndio lilimtesa mzee, ni lile "anayefuata". Kwamba lilitoka kinywani kwake mwenyewe.

Nimelifikiria hilo miaka mingi. Sisi tunadhani askari alikuwa kati ya mzungu anayemlazimisha na mwafrika anayemhurumia. Ingekuwa hivyo ingekuwa rahisi, anarusha bunduki anakimbia. Lakini yeye alitaka kuheshimiwa na watu walewale anaowapiga, na heshima pekee iliyokuwa imebaki sokoni ilikuwa ya kuogopwa. Mzungu aliijua hiyo ndo maana hakuhitaji kusema neno.

#4

Mimi natokea Kilwa upande wa Umatumbi, niongezee kidogo kwasababu watu wanasahau majumbe na maakida, wanadhani ukoloni ulikuwa wa bunduki tu.

Kwetu akida alikuwa mtu wa pwani, anajua kusoma na kuandika, anavaa kanzu safi, anatumwa huku bara kukusanya kodi na kusimamia shamba la pamba la serikali. Chini yake kuna jumbe, ambae ni mtu wa hapohapo kijijini, mjomba wa watu. Sasa amri inakuja watu watoke kulima pamba. Wasipotoka anaepigwa wa kwanza ni jumbe. Kwahiyo jumbe anaamka alfajiri anapita nyumba kwa nyumba anabembeleza, jamani naomba mtoke leo, mtaniua. Anambembeleza shangazi yake akalime shamba ambalo halitampa kitu na la kwake limejaa majani. Shangazi akikataa jumbe anaitwa bomani, akitoka huko mgongo umevimba, kesho yake habembelezi tena, anakuja na fimbo.

Wazee walikuwa wakisema jumbe hakuzaliwa mbaya, alipikwa.

Lakini pia ndugu mleta uzi usisahau kwamba Julai 1905 watu walipopanda Nandete wakang'oa pamba, wapo majumbe waliokuwa na watu wao siku hiyohiyo. Wale waliokuwa wamepigwa na wao wakiwapiga wenzao walijua siku imefika wakavuka. Kwahiyo njia ya kurudi ilikuwepo. Kinjikitile alinyongwa Mohoro mwanzoni mwa Agosti, vita ikiwa haijafika hata mwezi, na watu waliendelea bila yeye, kwahiyo sio kwamba walisubiri mkubwa awaambie.

#5 (mleta uzi)

Asante sana mkuu wa Kilwa, hiyo ya jumbe kupita alfajiri imenikaa.

Na ni kweli njia ilikuwepo. Ila tofauti ya jumbe na askari naiona hapa, jumbe alikuwa na kwao. Akivuka anavuka kwenda kwa ndugu zake. Askari alipelekwa makusudi mbali na kwao. Tangu mwanzo ndio ilikuwa hivyo, Wissmann, kamanda wa Mjerumani, alivyokuja kupigana na Abushiri na watu wake wa pwani 1889 alichukua Wasudani kutoka Cairo na watu wa kusini kutoka Msumbiji, watu wasiokuwa na shangazi hata mmoja kati ya Pangani na Kilwa. Baadae walipoandika Wanyamwezi na Wasukuma na Wamanyema waliwapeleka kwa Wangoni na Wamatumbi. Mnyamwezi akitupa bunduki Songea mwaka 1905 anakwenda wapi? Wangoni watamuua, na wana haki, na Mjerumani akimpata atamuua. Mtu wa namna hiyo nyumba yake ni kombania. Shaushi ndio baba yake, mshahara ndio shamba lake, wenzake wakimcheka amekwisha. Ukimtoa mtu kwao na ukampa familia mpya ya kumtazama kila siku, huna haja ya kumfunga mnyororo.

Sasa nirudi kwa mama yake bibi, maana naona tunaongelea wanaume tu na yeye ndie aliyelipa.

Hakuwahi kusimulia siku aliyokamatwa. Bibi alijua tu kwamba walikuwa wengi, wanawake na watoto, wanaelekea mto Ruvuma wavuke upande wa Mreno, Msumbiji, kwasababu huku hakukuwa na cha kula. Alikuwa binti. Askari waligawana. Nimeandika neno hilo nikalifuta mara tatu lakini ndio neno lenyewe, waligawana.

Alizaa na mzee watoto, wawili walikufa wadogo, bibi akazaliwa wakati wa vita ya Mjerumani na Mwingereza. Vita ilipoanza 1914 jeshi la Mjerumani huku lilikuwa na askari karibu 2,500 na Wajerumani kama 260 tu, baadae waliandika wengine wengi, na lilikuwa linatembea na wake za askari na watoto nyuma, safari nzima. Novemba 1917 Lettow-Vorbeck, mkuu wa jeshi la Mjerumani huku, alivyobanwa na Waingereza alivuka Ruvuma kuingia Msumbiji. Yule mama alivuka nao, ana bibi mgongoni na sufuria kichwani. Mto uleule ndugu zangu. Miaka kumi na moja nyuma alikuwa anaukimbilia ili apone, alikamatwa kabla hajaufikia, na siku alipouvuka aliuvuka kama mke wa askari anamfata aliyemkamata.

Bibi akisimulia hapo halii. Mimi ndio huwa nashindwa.

Walitembea mpaka vita ikaisha, wakajisalimisha Abercorn, ambayo leo ndio Mbala Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, askari wakaletwa kushikiliwa Tabora, wengi wakafa kwa homa ile kubwa ya mafua. Mzee akapona. Ndivyo tulivyokuwa watu wa Tabora.

Alafu kuna hili la ghala, na hili nimeliona kwa macho yangu kwasababu bibi alilirithi kwa mama yake. Kwetu mwanaume haingii ghalani. Mwanaume yeyote, mume, mtoto wa kiume, mjukuu. Nilikuwa na miaka saba nikaingia kufuata kuku, bibi alinitoa kwa mkono mmoja kama mzigo na mkono wake ulikuwa unatetemeka. Juu ya mlango kwa ndani kulikuwa na kitambaa kimefungwa fundo, ndani yake mahindi kidogo, ulezi, mbegu za maboga. Kila mwaka baada ya kuvuna anafungua anatoa za zamani anapanda, anaweka mpya anafunga. Akaniambia baadae nikiwa mkubwa, mama yangu alisema nyumba wanaweza kuchoma na chakula wanaweza kuchoma, mbegu ziwe mahali ambapo unaweza kuzinyakua ukiwa unakimbia.

Na mzee, aliyekuwa ombasha (koplo) wa Mjerumani, mtu aliyeogopwa mtaa mzima mpaka uzee wake, alikuwa anakaa nje ya ghala lake mwenyewe anasubiri apewe. Miaka zaidi ya thelathini. Hakuwahi kuvuka ule mlango na hakuwahi kuuliza kwanini.

#6

Nafuatilia huu uzi kutoka Kenya na nimeguswa sana. Kwetu ni karibu zaidi, watu bado wako hai. Wakati wa Emajensi, ile hali ya hatari ya Mwingereza dhidi ya Mau Mau, tangu Oktoba 1952 vijiji vyetu vya Central viligawanyika nyumba kwa nyumba, ndugu mmoja yuko msituni na mwingine ni home guard, mgambo wa serikali, tulikuwa tukiwaita kamatimu. Pale Lari Machi 1953 usiku mmoja waliuawa watu wa upande wa chifu, na kabla kuche wakauawa wengine wengi kulipiza. Watu wa lokesheni moja.

Nilitaka kusema hivi, kamatimu wengine waliingia juu ya woga, wengine juu ya dini, wengine walilazimishwa, na wengine waliona shamba. Na wakati wa kugawanya mashamba upya wale waliokuwa na cheti cha uaminifu kwa serikali walipata na wale waliokuwa detention walirudi wakapata pa kwao pamechukuliwa. Kwa hivyo mimi naona swali si tu kwa nini aliingia, pia uliza alitoka na nini na ni nani anakalia hicho kitu leo.

#7 (mleta uzi)

Mkenya asante, hilo swali lako ni zito na nitalijibu kwa kwetu kwanza. Mzee alitoka na nini? Alitoka na karatasi. Askari wa Mjerumani walimaliza vita wanadai mishahara, wakapewa hati za kuonesha wanadai. Mzee aliiweka kwenye kipande cha mwanzi kilichozibwa kwa nta, akifungua mara moja kwa mwaka kuangalia kama imeliwa na mchwa. Alikufa miaka ya hamsini hajalipwa.

Mwaka 1964 Ujerumani Magharibi ikaamua kuwalipa waliobaki hai, malipo yakafanyika Mwanza. Inasimuliwa kwamba wazee mia tatu na kitu walijitokeza, wengi hawana tena karatasi, kwahiyo kila mmoja akapewa ufagio aushike kama bunduki na kupewa amri kwa kijerumani, na hakuna hata mmoja aliyekosea. Watu husimulia hiyo kama sifa. Mimi ninapoisikia naona wazee wa miaka sabini wamesimama juani na mafagio wanathibitisha kwamba mwili bado unakumbuka.

Na yuko mmoja ambae nataka watu wamjue, Bayume Mohamed Husen. Mzaliwa wa Dar es Salaam 1904, baba yake alikuwa askari na yeye mwenyewe aliingizwa jeshini akiwa mtoto wa miaka kumi. Baba yake akafa vitani. Mwaka 1929 akaenda Ujerumani kudai mishahara ya baba yake na ya kwake, wakamwambia amechelewa. Akabaki Berlin, akafanya kazi ya kuhudumia mezani, akafundisha Kiswahili chuo kikuu, akaigiza kwenye sinema zao za makoloni. Akaomba nishani ya waliopigana vita, wakamnyima. Mwaka 1941 Gestapo, polisi wa siri wa Hitler, wakamkamata kwa kuwa na mahusiano na mwanamke mzungu, wakampeleka kambi ya Sachsenhausen, akafia huko tarehe 24 Novemba 1944. Huyo alitoka na nini? Aliwaamini mpaka wakamuua.

Nikiwa Dar huwa napita pale mnara wa Askari, Samora. Pale kabla yake palikuwa na sanamu ya Wissmann amesimama juu na askari mwafrika yuko chini yake, Waingereza wakaiondoa na 1927 wakaweka huyu wa kwao ameelekeza bunduki bandarini. Maandishi ya chini yanawataja askari na wapagazi waliokuwa mikono na miguu ya jeshi, na yanasema ukipigania nchi yako hata ukifa watoto wako watakumbuka jina lako. Zunguka pande zote nne, hakuna jina hata moja. Na nchi ipi? Wapagazi karibu laki moja walikufa upande wa Mwingereza kwa kuhara, njaa na homa, tukabaki na Kariakoo ambayo ni jina la kikosi chao na leo watu wanaitaja kila dakika wakishuka kwenye daladala.

Kwahiyo Mkenya, kwetu hatukurithi shamba. Tumerithi kunyamaza, na nadhani kunyamaza nako ni kitu mtu anakalia. Baba yangu ana miaka themanini na kitu, mpaka leo ukitaja Songea anaondoka kwenye kiti.

Ndugu wa #2, umesema mzee alichagua. Nakubali, na nimekuwa nikilikwepa. Ile siku ya foleni alikuwa na nafasi ya kulala chini. Angepigwa hamsa ishirini, angeamka, angekuwa hai. Alipiga ili asidharauliwe. Ninachoomba usiniambie ni kwamba mimi ningelala chini, kwasababu nimefanya kazi ofisi fulani miaka kadhaa nyuma, tukaambiwa tuwaondoe wamachinga fulani waliokuwa wamejenga vibanda, na mimi nilikuwa ndio nimeshika orodha ya majina. Mama mmoja namfahamu, nilikuwa nanunua kwake kila siku. Nilisoma jina lake kwa sauti ileile niliyosomea wengine maana bosi alikuwa nyuma yangu na wenzangu pembeni, na wale watu wote wananitazama mdomo. Nilipofika nyumbani ndio nilikumbuka neno "anayefuata". Sikuchapwa na mtu. Nilikuwa naogopa kuonekana laini tu.

#8

Naunga mkono mtoa mada, hapo kwenye orodha umenifanya nifunge simu kwanza. Mimi ni mtoto wa polisi mstaafu, sisemi zaidi.

#9 (yule wa #2)

Mkuu nimerudi. Nimesoma yote toka juu, nimemsomea na mama yangu, ana umri mkubwa na ni mtu wa misiba ya tarehe 27 hajawahi kukosa.

Kuhusu yule ombasha mimi msimamo wangu haujabadilika na mama nae haujabadilika. Kasema huyo mwacheni Tabora kwao, sisi hatumdai na hatumsamehi, wenye kumsamehe wamekufa.

Lakini kasema mbona mnaongea kama yule binti ni wa askari? Binti ni wa kwetu. Alipotea 1906 na hakuna aliyemlilia kwasababu waliotakiwa kumlilia nao walikufa njaa au walivuka mto. Ameuliza jina lake la ukoo. Sio hilo walilomwita huko Tabora, la kwao.

#10 (mleta uzi)

Mkuu mpe mama shikamoo yangu, na umwambie nimesoma nimesimama.

Jina walilomwita Tabora ni la kiislamu alilopewa na mzee, hata kaburini ndilo liliandikwa. La kwao bibi alilisikia mara moja, mama yake akiwa kwenye homa ya mwisho, alikuwa anaongea kingoni ambacho hakuna mtu ndani ya nyumba aliyekuwa anakielewa, na kila baada ya maneno kidogo anarudia Komba, Komba. Bibi alidhani anaita mnyama. Mimi ndie niliyemwambia bibi miaka ya tisini kwamba Komba ni ukoo, baada ya kusoma na kijana wa Ruvuma mwenye jina hilo. Bibi alikaa kimya kisha akasema, basi mama alikuwa anaita kwao na sisi tunamletea maji.

#11 (yule wa #2)

Akina Komba ni wengi mno mkuu, ni kama kutafuta Juma Kariakoo. Lakini kama walikuwa wanashuka kuelekea Ruvuma basi tunaanzia upande wa Mpitimbi, sio kaskazini. Mama anawajua wazee wawili kule. Anauliza, zile mbegu kwenye kitambaa, zipo mpaka leo?

#12 (mleta uzi)

Zipo. Shangazi ndie anayefunga sasa hivi. Ulezi bado ni uleule, kila mwaka unapandwa unafungwa tena, haujawahi kununuliwa dukani.

#13 (yule wa #2)

Mama anasema uje nao Februari. Uje na shangazi, maana wewe mwanaume usiubebe.